Mjomba, tembo la mnazi na funga ya tatu: walevi si wa aina moja (uzi mrefu)

MwanaTongoni #1

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha tangu Idi. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi achukue kahawa na kashata akae barazani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mgema. Amegema minazi ya Tongoni tangu mimi sijazaliwa. Anapanda alfajiri, anapanda jioni, kotama, kisu cha mgema, kiunoni, anachonga panda na kushusha kilichochuruzika kibuyuni. La asubuhi tamu, la jioni limeshakolea, likilala siku kadhaa ni siki ya kachumbari. Na mgema hauzi asichokionja. Kaonja mnazi wa kwanza, kaonja wa pili, minazi yenyewe kumi na kitu, na hiyo ni zamu ya asubuhi tu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Sijawahi kumwona mjomba amelewa. Hapepesuki, hatukani mtu, hajawahi kuokotwa mtaroni. Hela ya nyumbani anatoa. Ungesema pale kijijini kwamba yule ni mlevi wangekucheka, maana mlevi wanayemjua wao ni yule anayeimba njiani saa tano za usiku.

Shaabani iliyopita watoto wake wakamkalisha kitako: baba umri umekwenda, Ramadhani hii usiguse, na ikiisha usirudi. Akakubali kwa moyo safi kabisa. Siku ya vunja jungu akanywa lake la mwisho, tukamchukua akaja kwetu Makorora, mbali na minazi yake.

Funga ya kwanza, mikono. Magharibi tumekaa kufuturu, kikombe cha uji wa pilipili manga kikamcheza mkononi mpaka uji ukamwagikia kanzu. Tukasema ni njaa, mzee hajazoea. Jasho linamtoka na feni inazunguka. Usiku hakulala.

Funga ya pili, baada ya adhuhuri, akaanguka. Macho juu, mwili umekakamaa, povu. Tukakimbilia zahanati moja, jina naliweka. Wakapima malaria, hana. Wakatundika dripu ya sukari, na dawa za malaria wakaandika vilevile. Tukarudi naye nyumbani. Hakuna aliyeuliza swali hata moja kuhusu kinywaji, na sisi hatukusema, maana nani atamke neno tembo mchana wa Ramadhani?

Usiku wa kuamkia funga ya tatu nikaitwa chumbani. Mjomba kapiga magoti juu ya mkeka, anaokota siafu. Siafu hakuna. Anamwokota mmoja mmoja kwa vidole viwili, anamweka kiganjani, anamwonyesha mwanangu wa miaka sita: "Ona huyu, ona kichwa chake." Kisha akaanza kusemezana na mgema mwenzake aliyezikwa zamani. Kisha akainuka, akaikumbatia nguzo ya ukumbini, akataka kuipanda. Minazi haijagemwa, anasema, tembo linamwagika.

Nyumba nzima jibu ni moja: majini. Akaletwa shehe akaanza kumsomea. Na nataka niseme, aliyemwokoa mjomba ni shehe. Alimgusa kifuani, akanyamaza, akasema: "Huyu anachemka na moyo wake unakimbia. Mimi nitasoma ndani ya gari, nyinyi mpelekeni hospitali."

Hospitalini nesi wa zamu, mama mtu mzima, kabla hajashika hata kipimo cha presha akauliza: "Anakunywa? Mara ya mwisho lini?"

Mkaza mjomba akainama. "Anaonja."

"Anaonja kiasi gani kwa siku?"

"Lita nne. Tano."

Daktari akaandika herufi mbili tu kwenye karatasi, DT, yaani delirium tremens, kuweweseka na kutetemeka kwa mwili uliokoseshwa pombe ghafla. Mjomba akakaa wodini siku tisa.

Tangu hapo nikawa nasoma kila nikipata muda, maana nilishangaa mtu anawezaje kufa kwa kuacha. Nikakutana na bwana mmoja, Jellinek, mtafiti aliyekuwa Marekani, ambaye mwaka 1960 aliwagawa walevi mafungu matano kwa herufi za Kigiriki. Nayaeleza kwa lugha ya kwetu.

Alfa ni anayekunywa kwa sababu ya kitu kingine: msiba, mawazo, usingizi umekataa. Pombe ni panadoli yake. Mwili haujafungwa bado, moyo ndio umefungwa. Beta hana arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa, akiacha, lakini ini na tumbo vimeshaharibika kwa wingi wa kunywa. Gama ndiye yule wa kuimba njiani: akigusa glasi moja hana breki, na akiacha anatetemeka. Epsiloni ni wa msimu. Miezi mitatu safi, anaswali, anajenga, halafu anapotea wiki mbili unaletewa habari zake kutoka Kange.

Delta ndiye aliyenipiga. Huyu hana shida ya kujizuia kiasi, hazidishi, halewi. Asichoweza ni kukaa siku moja bila. Jellinek aliwatolea mfano Wafaransa wa mvinyo, wanaokunywa kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka kulala na hakuna anayewaita walevi, kwa sababu nchi nzima inaona ni kawaida. Nikamwona mjomba wangu juu ya mnazi, wallahi, kibuyu mkononi, anaonja.

Nyinyi mna nani nyumbani? Ni wa fungu gani?

---

Kijiti_Makorora #2

Natia nanga hapa. Ila mkuu, tembo la mnazi kuliweka pamoja na gongo unalionea. Hilo ni maji ya mti. Babu yangu kanywa mpaka miaka tisini.

---

MwanaTongoni #3

Babu yako alikunywa kiasi gani na alishawahi kukosa siku tatu? Hilo ndilo swali. Mimi nisingejua la mjomba kama tusingemhamisha mjini.

---

NesiWaZamu #4

Siyo mimi niliyempokea mjomba wako, lakini ningeweza kuwa mimi. Nimekaa wodi za wanaume Tanga miaka mingi na kila Ramadhani tunawapokea. Vunja jungu wanajaza, asubuhi wanaacha kwa nia njema, siku ya pili ya tatu wanaletwa wamefungwa kanga mikono. Nusu yao wameshapitia kwa mganga.

Niwape saa zake, kila mtu azishike. Kwa mwili uliozoea, saa sita mpaka kumi na mbili tangu tone la mwisho mikono inaanza kucheza, jasho, kichefuchefu, moyo mbio. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Hiyo ya siafu, kuona wafu, homa na kuchanganyikiwa, ni siku ya pili mpaka ya nne, na ndiyo inayoua. Funga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba wako alifuata saa kama treni ya zamani ya mkonge.

Watu wa Tanga tunaijua arosto ya unga, vijana tumewaona barazani wamejikunja. Kwa hiyo mtu akisikia arosto ya pombe anasema hiyo si ndogo tu, pombe inauzwa dukani. Ni kinyume. Arosto ya heroini inatesa, mtu anatamani afe, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra yenyewe kumuua. Arosto ya pombe inaua mtu mzima na nguvu zake.

Kwa nini? Baba yangu alikuwa mvuvi wa Sahare, nitatumia chombo chake. Upepo ukiwa mkali, mabaharia wanakaa upande wa joshini, wanaulalia upepo ili chombo kisipinduke. Pombe ni upepo unaoulaza ubongo kila siku, na ubongo ili usilale kabisa umejaza mabaharia wote upande wa pili. Miaka inakwenda, chombo kinaonekana kimenyooka, ndiyo maana mjomba halewi. Sasa upepo ukate ghafla. Wale wote waliokaa joshini wanakipindua chombo. Hilo ndilo degedege.

Matibabu yake basi ni kuushusha upepo polepole. Tunatumia dawa za jamii ya diazepamu, nyingi siku ya kwanza, tunapunguza kila siku, kwa kawaida ndani ya wiki mtu ametua. Hizo ni za kusimamiwa. Usiende kununua diazepamu dukani ukampa mzee nyumbani, na hasa kama bado anakunywa, maana vikikutana vinazima pumzi.

La pili, ile dripu ya sukari ya zahanati ilinitoa jasho kuisoma. Mnywaji wa muda mrefu mwili hauna vitamini B1, taiamini. Ukimmiminia sukari tupu, kidogo iliyobaki inaungua, na ubongo unaweza kuumia mpaka kumbukumbu zisirudi tena. Taiamini hutangulizwa, na kwa mgonjwa kama huyu ni ya sindano, si vidonge. Ukimpeleka mtu wako popote sema wazi: huyu anakunywa kila siku, ameacha juzi. Sentensi hiyo moja. Hatutamwita polisi na hatutamwita imamu.

Na mtu akishapata degedege la kuacha mara moja, la pili huwa baya zaidi. Kila anapoacha ghafla, anarudia, anaacha ghafla, ubongo unakuwa mwepesi kulipuka. Kwa hiyo hao mnaowafungia chumbani kila mwaka, jueni mnachofanya.

Hizo herufi za Jellinek ni nzuri kwa kuelewa, ila siku hizi wodini hatuandiki alfa wala delta. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani una dalili kumi na moja: kunywa kuliko ulivyopanga, kushindwa kupunguza, hamu, kazi kuharibika, kuhitaji kingi zaidi, kutetemeka ukikosa, na kadhalika. Mbili au tatu ni hali nyepesi, nne tano ya kati, sita kwenda juu ni kali. Mwepesi mara nyingi hahitaji hata kidonge, anahitaji mtu wa kukaa naye akaongea naye bila kumtukana.

---

UstadhiMpole #5

Assalaam aleikum. Sina ubishi na nesi, lakini mnaifanya haramu kuwa ugonjwa. Mtu akiwa na imani ataacha. Mimi nimewaona walioacha kwa toba moja tu, wala hawakutetemeka.

---

NesiWaZamu #6

Waleikum salaam ustadhi. Nao nimewaona. Hao mwili wao ulikuwa haujafungwa, ni ile alfa ya juu pale, au ni vijana wa wikiendi. Toba ni ya moyo, na ninaiombea kila mgonjwa wangu. Mimi nazungumzia mabaharia walio joshini, hao hawajui kama ni Ramadhani au la.

---

MwanaTongoni #7

Ustadhi, shehe wetu alisoma ndani ya gari. Vyote viwili vilikwenda safari moja. Sina zaidi.

---

MkeWaMwalimu #8

Naandika kwa akaunti mpya, msinitafute.

Mume wangu ni mwalimu, shule siitaji, yuko Muheza huko. Hajawahi kukosa kipindi. Wanafunzi wake wanafaulu, watu wanakuja kunipongeza. Anarudi saa kumi na mbili, anaoga, anafunga mlango wa chumba cha mbele, na chupa. Asubuhi anasafisha meno mara tatu. Akisikia mtu anaeleza habari za walevi anasema ndiyo kabisa, watu wale wanatia huruma. Nikimgusia ananiuliza: umelala njaa lini?

Watoto wamejifunza kuzungumza kwa kunong'ona kuanzia saa moja. Hakuna aliyewafundisha.

Swali langu. Kuna dada aliniambia kuna kidonge, unakisaga unamtilia kwenye mchuzi, akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Analijua jina lake, anasema wengi wanafanya. Nifanye?

---

NesiWaZamu #9

Dada yangu, usifanye. Ninakuomba kama mdogo wangu.

Hicho kidonge ni disulfiramu. Uwezo wake dhidi ya pombe uligunduliwa Denmark miaka ya 1940, na ni dawa halali kabisa, hospitali inampa mtu anayejua anachomeza. Inavyofanya kazi: pombe ikiingia mwilini ini linaivunja kwa hatua mbili, na hatua ya katikati ni sumu. Dawa inaiziba hatua ya pili, sumu inajaa. Uso unawaka, kichwa kinapasuka, anatapika, moyo unakimbia, presha inaanguka. Mwenye moyo au ini bovu anaweza asiamke. Sasa wewe umemtilia kwenye mchuzi, yeye hajui, anakwenda na chupa yake nzima kama kila siku. Utasema nini msibani?

Anayeimeza kwa hiari yake anajua asiguse, anajua ajiepushe hata na dawa za kikohozi zenye pombe, na haanzi mpaka zimepita angalau saa kumi na mbili bila kinywaji. Na wanaofaidika nayo hasa ni wale ambao kuna mtu anawaona wakimeza kila asubuhi. Huyo mtu unaweza kuwa wewe, ila akiwa amekubali, mezani, mchana kweupe.

Kuna nyingine mbili. Naltreksoni inaondoa ile raha, mtu anakunywa kikombe anakiona cha maji, hamu inapungua. Lakini angalizo kwa Tanga yetu: aliye kwenye methadoni, dawa ya kuachishia unga, au anayetumia unga wenyewe akipewa naltreksoni anaingia arosto papo hapo, kwa hiyo asimfiche daktari kitu. Akamprosati ni ya aliyekwisha kuacha, inatuliza ule wasiwasi wa baada, inamezwa mara tatu kwa siku, na mwenye figo mbovu haipewi au anapunguziwa. Msitegemee kuzikuta duka la dawa la mtaani. Anza kwa kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo, uliza utaratibu.

Kwa mwalimu, jaribu maswali manne badala ya ugomvi. Ni ya daktari Ewing, yalichapishwa 1984, tunayatumia mpaka leo. Umewahi kuhisi unatakiwa upunguze? Watu wakikusema kuhusu kinywaji unaudhika? Umewahi kujisikia vibaya, una hatia, kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi kuzimua? Mawili yakiwa ndiyo, pana jambo. Usimuulize wewe, atajua umetoka wapi. Yaandike kwenye karatasi uiache juu ya madaftari yake ya kusahihisha. Mwalimu hawezi kuona maswali asiyajibu kichwani.

---

MkeWaMwalimu #10

Nimecheka peke yangu kwa mara ya kwanza mwezi huu. Ahsante dada nesi.

---

MsambaaWaSoni #11

Huyo mwalimu ana jina lake kitaalamu. Kule Marekani taasisi yao ya serikali ya masuala ya pombe ilichukua takwimu za uchunguzi wa nchi nzima, wakawachambua watu 1,484 waliokuwa na utegemezi, wakachapisha 2007 kwamba wako mafungu matano. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 31.5, ni vijana tu, wanajaza siku za kujaza, hawana matatizo mengine makubwa, na karibu hakuna anayekwenda kutibiwa. Asilimia 21 ni vijana pia, lakini walioanza mapema mno, wenye vurugu, na wengi wanachanganya na vitu vingine. Asilimia 19.5 ni kina mwalimu: umri wa kati, elimu, kazi, ndoa, nyumba imesimama. Asilimia 19 ni wale ambao pombe imo kwenye ukoo, na mara nyingi sonona ipo pembeni. Na asilimia 9 tu, tisa jamani, ndio yule mlevi tunayemchora sote akilini, aliyepoteza kila kitu. Na ajabu ni kwamba huyo wa tisa ndiye anayeongoza kutafuta msaada, theluthi mbili yao wameutafuta.

Hizo ni asilimia za Marekani, si za Lushoto, usije ukanukuu kwenye kikao cha kata. Lakini nikitazama kwetu milimani nawaona wote. Boha la miwa linapikwa kwa harusi, kwa matambiko, kwa kulimiana shamba. Baba yangu boha, babu boha, mimi nikafika chuoni nikadhani nimeepuka kwa sababu nakunywa bia ya chupa. Wanasema karibu nusu ya hatari hii inakwenda kwa damu. Nusu nyingine ni meza uliyokaa.

Halafu msisahau mkoa wetu una Lutindi, milimani upande wa Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili tangu wakati wa Mjerumani. Wazee wakisema "atapelekwa Lutindi" walikuwa wanatisha watoto. Mimi nimefika pale kumsindikiza ndugu, nikakuta wagonjwa wanalima na kuchuma chai. Tuache kutishia watu na hospitali.

---

BahariaWaSahare #12

Wa viroba, ile pombe kali ya vifuko, tumesahaulika? Serikali ilipiga marufuku Machi 1, 2017, tukashangilia, wiki ya pili vikaja vichupa vidogo vya plastiki. Kijana anaweka mfukoni kama kalamu. Kule bandarini dogo wa miaka kumi na tisa anamaliza vitatu kabla ya chai.

Na gongo. Ninyi mnaongelea arosto, sisi tumezika mtu aliyesema tu "mbona pameingia giza" saa nne za asubuhi.

---

NesiWaZamu #13

Huyo aliyeona giza, baharia, inasikika kama methanoli, pombe ya viwandani inayochanganywa au kuuzwa badala. Inakaa saa nyingi kimya, kisha macho yanaona ukungu, pumzi zinakwenda haraka, tumbo. Hapo hakuna maziwa wala kulala apumzike. Hospitali dakika hiyo, na waliokunywa naye wote hata kama wanacheka.

---

Nimeacha2019 #14

Mimi nilikuwa gama, nimejitambua kwenye posti ya kwanza. Dereva wa magari makubwa, Tanga kwenda bara. Nilikuwa naweka chupa ndogo chini ya kiti, ya saa kumi na moja alfajiri, bila hiyo siwezi kuingiza ufunguo kwenye tundu. Nilijua nimekwisha siku niliposhika ufunguo kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza nilipelekwa soba hausi. Sitaji ipi. Nilikabidhiwa ndoo, nikafungiwa na mateja wa unga, wote tunaachishwa kwa njia moja: maji na maombi. Nikaanguka degedege usiku, wenzangu ndio waliopiga kelele. Kuna nyumba nzuri, nimekaa katika moja baadaye miezi minne na ndiyo iliyonisimamisha. Swali la kuwauliza kabla hujalipa ni moja: hizi siku tano za mwanzo, mgonjwa wa pombe mnampeleka wapi? Wakisema "hapahapa, tumezoea", ondoka na ndugu yako.

Baada ya hospitali nilimeza ile disulfiramu miezi sita, mke wangu anaangalia. Nilijaribu mara moja kuidanganya, bia moja Segera, nikadhani siku tatu zimetosha. Niliegesha gari pembeni, uso kama umepakwa pilipili, nikamwita utingo anifungulie vifungo vya shati. Ile dawa inakaa mwilini mpaka wiki mbili, kumbe.

Kilichonibakisha lakini si kidonge. Ni kikundi. Tunakaa watu saba, Jumanne, kwa utaratibu ule ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, dalali wa hisa na daktari, wote walevi, wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake hamu inapita. Kwetu kuna Waislamu wanne, Wakristo watatu, na yule mzee wa Pongwe hasemi chochote, anapika chai. Mwaka wa kwanza nilidhani hana shida, anapenda tu kukaa na watu.

Kingine hakuna anayekuambia: usingizi. Miezi mitatu, minne hulali sawasawa, unawaka kwa kitu kidogo, kila kitu kina rangi ya majivu. Familia inasema mbona alikuwa afadhali akinywa. Wengi wanarudia hapo. Mimi nilirudia mara mbili hapo.

---

Kijiti_Makorora #15

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Nimejiuliza yale maswali manne ya nesi. Sitasema ni mangapi.

Nesi, kwa mtu ambaye anakunywa kila siku lakini si sana, anaanzia wapi?

---

NesiWaZamu #16

Anaanzia kwa kutoacha kesho asubuhi peke yake chumbani. Aandike kwa wiki moja anakunywa nini, kiasi gani, saa ngapi ya kwanza. Kama asubuhi mikono inacheza, au aliwahi kuanguka, aje hospitali kwanza na apunguze chini ya uangalizi. Kama hatetemeki, njoo tuzungumze tu, kikao kimoja viwili. Aje na hiyo karatasi, kahawa nitampa mimi.

---

Kijiti_Makorora #17

Sawa. Babu yangu hakufika tisini, nilitia chumvi. Alikuwa na sabini na moja.

---

MwanaTongoni #18

Wakuu mmeuliza habari za mjomba. Yupo Tongoni. Minazi amemkodisha kijana mwingine ageme, yeye amekaa njiani anauza madafu kwa wanaokwenda kutazama magofu. Dawa za vitamini anameza, kliniki anakwenda, mkaza mjomba anamsindikiza mpaka mlangoni. Kumbukumbu zimerudi karibu zote, isipokuwa zile siku za Ramadhani. Mwanangu alimwuliza siafu walikwenda wapi, mzee akacheka, hajui anaulizwa nini.

Jumapili nilipita. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa, ananoa kotama kwenye jiwe. Taratibu, anatia maji, anaipitisha, anaupima ukali kwa kidole gumba. Mikono imetulia kabisa. Nikamwuliza mjomba ya nini hiyo. Akasema ya madafu.

Madafu anayakata kwa panga, na panga lilikuwa mezani, mbele. Nikamwomba anikatie moja. Akaiweka kotama chini, akanyanyuka kulifuata panga.

Dada nesi, kliniki ya wiki hii ni siku gani?